Waliosema Wataichunga Nyumba Yetu

Maneno look after niliyajua kabla askari hawajayaleta nyumbani kwetu. Nilifundishwa katika ukumbi wa kanisa letu la Kiprotestanti mjini Beni, ambako mwalimu mmoja aliyesomea ng'ambo ya mpaka alitoa masomo ya Kiingereza jioni, watu wakishatoka kazini. Wanafunzi wengi walikuwa wafanyabiashara na madereva wa malori, watu wazima waliokaa kwenye mabenchi ya watoto wa shule ya Jumapili, magoti yakikaribia kidevu. Mimi nilikuwa bado shule ya sekondari. Mama alinipeleka kwa sababu marehemu baba, aliyekuwa akinunua kahawa vijijini, alizoea kulalamika kwamba kila mara bei ilipokuwa inapangwa, wenzake wanasema Kiingereza na yeye anatazama midomo yao.

Mwalimu aliandika yale maneno mawili ubaoni akatuonya tusiyatenganishe. La kwanza likiwa peke yake ni kutazama, la pili likiwa peke yake ni baada ya, na ukiyajumlisha hivyo hupati kitu. Yakikaa pamoja maana yake ni kutunza, au kama tunavyosema kwetu, kuchunga: kuhakikisha kwamba mtu au kitu hakipatwi na shida. Unamchunga mtoto wa dada yako aliyeenda sokoni. Muuguzi anamchunga mgonjwa. Jirani anachunga nyumba wakati mwenyewe yuko safarini. Kisha akataka kila mmoja atoe mfano wake.

Dereva mmoja akainua mkono. "Mwalimu, na serikali je? Mutu anaweza kusema serikali inachunga raia?"

"Grammaire inaruhusu," mwalimu akajibu.

"Grammaire peke yake," sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, na ukumbi mzima ukacheka.

Kicheko hicho nakikumbuka kwa sababu vita vya kwanza vilikuwa vimetupitia karibuni tu. Tulikuwa tumewaona askari wa serikali wakikimbia, magodoro ya watu vichwani mwao. Mtu aliyeona hayo alicheka kwa urahisi.

Vita vya pili vilipoanza, mji wetu ulijaa wageni wenye silaha kutoka ng'ambo ya mpaka. Walikuwa na Kiswahili chao cha kambini, na kilikuwa kifupi: lete, kaa chini, toka. Lakini wakubwa wao walipotaka kuonyesha adabu walihamia Kiingereza. Kwa hiyo siku afande wao mmoja alipotokea kwenye baraza letu, akavua kofia na kuanza kusema Kiingereza polepole, nilijua kwamba hatatupiga. Nilijua pia kwamba anataka kitu kikubwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na baraza la saruji ambalo baba alilimaliza mwaka mmoja kabla ya kufa. Haikuwa nyumba ya tajiri, lakini ilikuwa karibu na barabara kubwa na ilikuwa na uwanja wa kutosha kuegesha magari mawili. Afande aliuangalia uwanja kabla ya kutuangalia sisi.

"Anasema nini?" mama akaniuliza.

"Anasema bako na lazima ya nyumba kwa muda kidogo. Anasema bataichunga."

"Bataichunga namna gani? Kama vile mutu anachunga mbuzi ya mwenzake, ao kama vile chui anachunga mbuzi?"

Hiyo ya chui sikuitafsiri. "Ya mwenzake, mama. Njo vile mwalimu alitufundisha."

Mama aliangalia bunduki za vijana wawili waliosimama langoni, akaangalia paa, akaniangalia mimi. Alijua kwamba hatuombwi ruhusa. Kilichobaki mikononi mwake ni namna ya kutoka, na aliitafuta namna hiyo mahali ambapo mimi, mtoto wa mjini, nisingetafuta.

"Basi umwambie hivi," akasema. "Kama ni ya mwenzake, alete muhako."

Mama alizaliwa kwenye mashamba ya upande wa Kayna, kusini mwa Lubero. Babu, baba yake, alilima kwenye kilima ambacho kilikuwa cha ukoo mwingine, na kila mwaka baada ya mavuno alipeleka mbuzi kwa mwenye kilima. Mbuzi huyo ndiye muhako. Hakuwa bei ya ardhi. Babu angepeleka mbuzi maisha yake yote, na watoto wake baada yake, na kilima kisingekuwa chake hata kidogo. Mbuzi alikuwa anasema jambo moja: mimi ninakaa hapa, lakini udongo ni wako. Anayetoa ndiye mgeni, anayepokea ndiye mwenyewe. Mama aliliona jambo hilo likitendeka utoto wake wote, na alijua masharti yake. Ni lazima lifanyike mchana, mahali pa wazi, mbele ya watu watakaoweza kusema waliona.

Nilimweleza afande kwa Kiingereza changu cha ukumbini kwamba mama anaomba kila mwaka apewe kitu kidogo, kionyeshe kwamba nyumba ni yake. Afande akacheka, na hakikuwa kicheko kibaya. Akamwambia kijana wake neno kwa lugha yao. Baada ya muda kijana akarudi akivuta mbuzi jike mwekundu. Sikio moja la mbuzi lilikuwa limekatwa pembeni, alama ambayo mwenye kundi huiweka ili awatambue wa kwake, na kamba ya shingoni ilikuwa imekatwa kwa kisu, haikufunguliwa. Sote tuliona. Hakuna aliyeuliza.

Mama alikataa kumpokea hadi watu waje. Akaniagiza nimwite chef d'avenue, yule mzee aliyesimamia mtaa wetu, na shemasi wa kanisa aliyekaa ng'ambo ya njia, na jirani yetu mshonaji. Afande aliangalia saa yake lakini alingoja. Walipofika, mama alipanda juu ya baraza ili awe juu na afande awe chini, akapokea kamba kwa mkono wa kuume.

"Muko mashahidi," akawaambia.

"Tumeona, mama," wakaitikia wote watatu.

Jioni hiyo tulikuwa kwenye lori la mihogo tukielekea Butembo, vitanda vikiwa nyuma, mbuzi katikati ya miguu yetu.

Dada mkubwa wa mama alikuwa na nyumba ndogo katika mtaa wa Mususa, karibu na karakana za mafundi wa pikipiki, mahali ambapo mchana kutwa husikii ila nyundo na injini zinazojaribiwa. Alitupa chumba cha nyuma. Alikuwa mwema, ila ulimi wake haukupumzika.

"Propriétaire wa Beni," alimwita mama asubuhi, yaani mwenye nyumba, "kuya upepete maharagi."

"Niko nakuya, yaya," mama alimjibu dada yake mkubwa.

"Na umuchunge mbuzi wako. Amekula kitambaa cha mutoto. Propriétaire gani huyu, nyumba Beni, mbuzi kwa jikoni?"

Mbuzi alizaa. Mwaka uliofuata akazaa tena, mapacha. Sikukuu zilikuja, na mama mukubwa alitazama wale mbuzi kisha akatazama ugali wa bundu na majani ya sombe yasiyo na nyama yaliyokuwa mezani, lakini mama hakukubali hata mmoja achinjwe. "Hii hapana nyama," alisema. "Hii ni nyumba." Alikata majani kwenye kingo za barabara, akayabeba kichwani yeye mwenyewe, mwanamke aliyekuwa na baraza la saruji.

Kila mwaka maharagi yakishavunwa tulipanda lori kwenda Beni. Njiani kulikuwa na vizuizi, na kwenye kila kizuizi kijana mwenye bunduki alitaka kitu kidogo. Mama alibishana nao kwa sauti ya mama wa nyumbani, mara nyingine wakamwachia, mara nyingine hapana. Tukifika alikwenda kwanza kuwaita mashahidi, kisha ndipo tunabisha langoni. Afande alikuwa amezoea. Mwaka mmoja alitoa katoni ya sabuni, mwaka mwingine bidoni ya mafuta ya mawese, mwaka mwingine tena mbuzi, dume safari hii. Mama alipanda barazani, akapokea, na watu wakasema wameona. Mshonaji alikuja na utepe wake wa kupimia ukiwa umening'inia shingoni, akitoka katikati ya kazi.

"Mama huyu anapendwa na jeshi," alinitania mara moja. "Mi askari hanipi hata sindano."

Nami nilizoea kuangalia. Ninapofika mahali nahesabu mabadiliko kama mtu anayekagua duka lake. Nyumba ilikuwa inapendeza kuliko tulivyoiacha. Bati lililokuwa linavuja juu ya chumba changu lilibadilishwa. Kuta zilipakwa rangi mbele na nyuma. Sisi upande wa nyuma hatukuwahi kuupaka. Uwanja ulimwagwa changarawe kwa ajili ya malori yaliyolala pale yakiwa yamejaa mbao.

"Umeona?" mama aliniambia tukiwa njiani kurudi. "Anachunga kweli."

Safari ya mwisho nilikuta lango limehamishwa. La zamani, lililotazama nyumba ya shemasi, lilikuwa limezibwa kwa matofali, na jipya lilifunguka upande wa barabara kubwa. Ili afike barazani kwake, mama alilazimika kuuzunguka ukuta wote.

"Mama," nikasema, "mutu mwenye anachunga nyumba ya mwenzake anahamisha mulango?"

"Mulango ni bati tu. Amepokea amri ya usalama, labda."

Sauti yake ilikuwa ya mtu anayefunga mazungumzo.

Kisha wageni wakaambiwa waondoke nchini, na kweli wakaanza kuondoka, malori yao yakiwa mazito kuliko walivyokuja. Siku mama aliposikia kwamba Beni kumebaki bila wao, aliimba akiosha vyombo. Mama mukubwa naye akamfungia mkungu wa ndizi wa safari. Tulikwenda na funguo za zamani, ingawa mimi nilijua kwamba lango zililolifungua halipo tena.

Langoni alisimama mlinzi tusiyemjua. Alituambia patron, yaani bosi wake, yumo ndani. Patron akatoka, mwanamume wa makamo mwenye magari ya mizigo, mtu wa kwetu. Alimsalimia mama kwa Kinande, lugha yetu, kwa heshima yote, akauliza habari za Butembo. Kisha akasema:

"Mama, hii nyumba afande aliniuzishia."

"Afande aliuzisha nini? Nyumba ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yako. Lakini alikulipa."

"Alinilipa?"

"Kidogo kidogo, mama. Mwaka kwa mwaka. Avenue muzima iliona."

Nilimwona mama akigeuka kuangalia ng'ambo, kwenye nyumba ya shemasi, lakini mbele yake kulikuwa na ukuta.

Kesi ilisikilizwa kwenye bureau ya mtaa na chef mpya aliyewekwa na wakubwa wa wakati ule. Mama alileta karatasi ya nyumba yenye jina la baba. Chef aliisoma mpaka mwisho, akaikunja kwa uangalifu, akamrudishia. Karatasi inaonyesha nyumba ilikuwa ya nani mbele, alisema, na hilo hakuna anayelibisha. Swali ni kilichofuata. Akaita mashahidi. Hakuhitaji kuwatafuta wa kwake. Walikuwa wale wale wa mama. Chef d'avenue wa zamani alikuwa amekufa, wakabaki wawili.

Mshonaji alisimama kwanza, utepe wake shingoni.

"Ulimuona huyu mama anapokea vitu kwa mikono ya afande?"

"Nilimuona."

"Vitu gani?"

"Mbuzi. Sabuni. Mafuta. Mbuzi tena."

"Alilazimishwa?"

"Hapana, chef. Alikuwa na furaha. Njo yeye alikuwa anatuita tukuye kuona."

Alisema ukweli mtupu, na alipoketi alimwangalia mama kama mtu aliyemsaidia. Mpaka leo naamini alidhani amemsaidia. Shemasi, ambaye asingeweza kusema uongo hata kwa kuokoa nyumba yake mwenyewe, alisema yale yale, kisha akaongeza, "Lakini ilikuwa muhako, chef. Haikuwa malipo."

Chef akatabasamu. "Diacre, muhako ni ya mashamba. Hapa ni muji. Wapi mihogo yenye afande alilima?"

Watu waliojaa dirishani wakacheka. Mama akasimama. Akaanza kumweleza chef kwa Kinande, moja kwa moja, juu ya kilima, na babu, na mbuzi wa kila mwaka, nani anatoa na nani anapokea. Alieleza vizuri. Hakuna kitu alichohitaji kutafsiriwa, kwa maana chef huyo alitoka Lubero ya kusini kama sisi, na mama alimfahamu baba yake, aliyepanda kilima na kamba ya mbuzi mkononi kama babu. Chef alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwa Kifaransa.

Mama hakujua Kifaransa cha kutosha. Ilibidi nimtafsirie chef wa kwetu kwa mama yangu, kama nilivyomtafsiria afande: kwamba sheria ya mji haitambui mambo hayo.

Kisha chef akanigeukia mimi. "Ni weye ulikuwa interprète? Afande alisema nini siku ya kwanza?"

"Alisema ataichunga nyumba."

"Na aliichunga? Bati alitengeneza? Rangi alipaka?"

"Ndiyo, chef."

"Bien. Na mama yako, ile miaka yote, alichunga nini?"

Mama alijibu kabla yangu. "Mbuzi."

Dirishani walicheka tena, kwa sauti zaidi. Nyumba ikaandikwa kwa jina la patron mchana ule ule.

Siku hizi nafundisha Kiingereza Butembo, kwa wafanyabiashara wanaokwenda ng'ambo kuleta vitambaa na vipuri. Look after imo katika masomo ya mwanzo, haikwepeki. Nimeitafuta katika kila kamusi iliyonifikia mkononi, na zote zinasema nilivyosema mimi barazani: kutunza, kulinda, kuchunga. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi. Kamusi hazisemi, na mwalimu wetu hakusema, kwamba neno hilo linaeleza kazi tu, halielezi kitu ni cha nani. Mama anamchunga mwanawe, na aliyeiba gari analichunga pia, analitia mafuta na kulifunika mvua ikinyesha. Wanafunzi wangu nawapa mfano wa mtoto na mfano wa mgonjwa. Mfano wa nyumba sitoi.

Baada ya kesi mama hakulia. Alirudi Mususa, akakaa siku kadhaa, kisha asubuhi moja akawafunga mbuzi wote, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja kamba yake. Sabuni na mafuta tulikuwa tumevitumia, lakini alinunua vingine vya namna ile ile kwa faida ya maharagi.

"Unaenda wapi na hii kundi?" mama mukubwa akauliza, na kwa mara ya kwanza hakumwita propriétaire.

"Kurudisha. Banasema nililipwa. Mi sikulipwa."

Dereva wa lori alilalamikia harufu njia nzima. Beni mama alifanya kama alivyozoea: alimwita shemasi, alimwita mshonaji, wakaja, na majirani wengine wakaja nyuma yao. Aliwafunga mbuzi kwenye lango jipya, akaweka katoni na bidoni chini. Yule jike mwekundu mwenye sikio lililokatwa alikuwa mzee sasa, akalala chini papo hapo.

"Muko mashahidi," mama akasema. "Vyote alivyonipa, na batoto yao. Sina kitu yake. Nyumba sikuuzisha."

Hakuna aliyesema ameona. Mshonaji aliangalia miguu yake.

Lango likafunguka. Patron alitoka akiwa amevaa kandambili, akawatazama mbuzi mmoja mmoja, akamtazama mama. Kwa muda mfupi nilifikiri ameelewa, na nadhani alielewa kweli. Alikuwa mtu wa kwetu. Mtu akikuletea mbuzi mlangoni mbele ya mashahidi, kila mtoto wa Lubero anajua nani mgeni na nani mwenyewe.

"Wasingya, mama," akasema. Asante. Akamwashiria mlinzi awaingize ndani.

Mama alibaki amesimama. Mlinzi alikuwa ameshaanza kuwavuta wale wadogo mama alipomfuata, akapiga magoti kwenye changarawe, akafungua mafundo, shingo baada ya shingo, hadi ya yule jike mzee. Mbuzi waliingia wenyewe, wakifuata majani ya uani. Mama akazikunja kamba zote pamoja, akazitia kwapani.

"Mama, tuachie kamba," mlinzi akasema. "Tutabafunga na nini?"

"Kamba nilinunua mimi," mama akamwambia, na tukaondoka kuuzunguka ukuta, kwenda kungoja lori.